Baba Kulwa, Nimerudi Kazini

Baba Kulwa,

Sijui huko mnasalimianaje, kwa hiyo naanza bila salamu. Ni Jumapili mchana. Nimemaliza kufua, nguo nimezianika kwenye michongoma, wanao wako kwa jirani wanaangalia katuni, na mama yako amelala kwenye mkeka mlangoni kama mlinzi. Nimepata nafasi ya kukaa. Mara ya mwisho kukuandikia ilikuwa kabla hatujaoana, wewe uko Rwamgasa machimboni, mimi niko Shinyanga, na simu yako haishiki mtandao. Ulinijibu mistari miwili: wa kwanza kwamba unanipenda, wa pili kwamba nikutumie vocha. Leo najua hata hiyo miwili haitakuja. Lakini nimechoka kusema na wewe kichwani huku nasugua masufuria.

Nimerudi kazini. Nimelitanguliza hilo kwa sababu ndilo ulilokuwa hutaki kulisikia.

Sijui kama ulikuwa unakumbuka nilivyokuwa. Pale kiwandani, kwenye pamba, kitengo cha kompyuta kilikuwa chumba kimoja kisicho na dirisha, na mwanamke nilikuwa peke yangu, na cheti changu cha Tehama ambacho hakuna mtu aliyewahi kukiangalia mara ya pili. Msimu ukifika, malori yamepanga foleni hadi barabarani, kompyuta ya mizani inagoma, printa inatafuna karatasi, walikuwa hawasemi "mwiteni fundi". Walikuwa wanasema "mwiteni Kabula". Nasikia jina langu linapita mlango hadi mlango, na mimi natembea bila haraka, kwa maringo kidogo. Wewe ulinikuta hivyo. Ulikuja na lori la mjomba wako, ukakaa kwenye benchi kusubiri kupima, na baadaye ukaniambia ulinipenda palepale, kwa jinsi nilivyokuwa nimejikunja chini ya meza, waya umenizunguka shingoni, nawagombeza wanaume wasikanyage. Ulinipendea ile kazi. Halafu ukaniambia niiache.

"Mwaka mmoja tu, Kabula." Nilikuwa na mimba ya mapacha, daktari kasema nipumzike, na duara lenu, lile shimo la dhahabu, lilikuwa limeanza kuonyesha mwamba mzuri. Mwaka mmoja. Duara likitema, ungenifungulia duka la kompyuta Geita mjini, na bango lenye jina langu, herufi nyekundu. Hata rangi ya herufi ulishachagua. Nikaandika barua ya kuacha kazi, nikafunga virago.

Duara halikutema. Lilikohoa tu, mara moja moja, kiasi cha kukufanya usiondoke.

Nilikuja Rwamgasa na laptop yangu nimeiviringisha kwenye kanga kama mtoto. Nilisema watoto wakilala nitakuwa najisomea, nisisahau. Ukaiazima kwa wiki moja kumpa mwenye banda la video, projekta yake ilikuwa imeharibika na wachimbaji walikuwa wanataka kuona mpira. Wiki ile haikuisha. Nilikuwa nikipita nje ya lile banda, na ndoo kichwani na mtoto mgongoni, nasikia ule mlio wake wa kuwaka, nasimama kidogo, naendelea. Vumbi la karasha, ile mashine ya kusaga mawe, likaimaliza. Siku ilipozima moja kwa moja ulicheka, ukasema, "Imekufa kishujaa, imetumikia wananchi." Na mimi nikacheka. Nilikuwa nakupenda, na wewe ulikuwa unajua kuchekesha. Pia sikujua kama mtu anaruhusiwa kulilia kompyuta mahali ambapo watu wanalilia ndugu zao.

Sasa niseme ile siku. Bila hiyo, hili la kazi halitaeleweka.

Ile kamba yenu. Ile manila ya bluu mliyoizungusha kwenye maduara, mwanamke asiivuke. Mwanamke akisogea karibu na mdomo wa duara, dhahabu inakimbia, inazama chini zaidi. Kwingine wanakataza tu aliye kwenye siku zake. Kwenu mkaona ni rahisi kukataza wote kuliko kuuliza. Hotpoti lako nimeliacha kwenye kamba hiyo sijui mara ngapi. Naliweka chini, napiga mluzi, wewe unakuja umejaa tope hadi kwenye nyusi. Siku moja nilivuka hatua kidogo tu, jua lilikuwa kali na kivuli kilikuwa upande wa pili, na wewe ukanifokea mbele ya watu. Wewe, ambaye hujawahi kunifokea nyumbani. Jioni ukaniomba radhi, ukasema, "Unajua mimi siamini sana, lakini nikikuachia wewe, wenzangu watasemaje?"

Basi mvua ilinyesha, na asubuhi mkashuka, na ardhi ikakaa chini. Ndivyo walivyosema, imekaa chini, kama mtu mzee. Nilikimbia na Doto mgongoni, Kulwa nimemwacha kwa mama ntilie. Nilipofika, Shija wako, rafiki yako wa kufa na kuzikana, amesimama kwenye kamba, mikono imejaa damu kwa kufukua. Akaunyoosha mmoja. "Shemeji, usivuke."

Nikasimama. Wewe ndiye uliyenifundisha kusimama pale.

Nilisimama hadi jua likawa utosini. Walipokutoa walikupitishia upande wa pili, kwa sababu gari lilikuwa huko. Nikaona mguu. Buti moja halikuwepo. Muuza kahawa alikuona kabla yangu. Madalali wa mawe walikuona kabla yangu. Mimi mkeo nilikuja kukuona ukiwa umeshafungwa shuka, na mtu ananiambia, "Usimfunue, mama, mkumbuke alivyokuwa." Sasa ndiyo nakukumbuka ulivyokuwa. Ndiyo hii barua.

Msiba ulikuwa kwenu, Kharumwa. Sitakusimulia, ulizikwa vizuri, watu walikuwa wengi. Lakini matanga yalipokwisha, kaka zako wakaniweka kitako. Watoto watabaki pale, maana ng'ombe zilitolewa na watoto ni wa ukoo. Mimi bado kijana, nitafikiriwa. Kufikiriwa, Baba Kulwa. Wakamtazama mdogo wako, na yeye anatazama vidole vyake vya miguu, maskini, anaogopa kuliko mimi. Nikawaambia kwa adabu kwamba ng'ombe zilikuja kwa baba yangu kwa ajili yangu, na mimi ndiye naondoka kwenda Geita mjini, na wanangu wanaondoka na mimi. Halafu mama yako, ambaye tangu asubuhi hajafungua mdomo, akasema kwa Kisukuma kwamba kama wajukuu wanakwenda Geita, na yeye anakwenda Geita. Wakadhani ni majonzi yanasema. Walipogeuka, ameshafunga mzigo.

Ndiye huyu hapa mlangoni. Kila alfajiri anawasalimia majirani "mwangaluka", nusu yao hawajui anasema nini, lakini sasa wanaitikia. Kompyuta anaiita kioo. Siku ya kwanza naondoka kwenda kutafuta kazi, nilijua atanisema. Akanitazama kuanzia viatu kwenda juu, akasema, "Mwanangu alikuwa mkaidi. Nenda." Maneno hayo tu. Nikatembea nayo hadi Kalangalala.

Pale Kalangalala kuna ofisi ya Bwana Rahim. Babu yake aliuza vitenge, baba yake akauza baiskeli, yeye anauza mtandao. Anafunga intaneti, kamera, kompyuta za maduka na za zahanati. Nilimpa cheti changu, akakisoma, akainua macho. "Hii miaka yote ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nalea."

"Sawa. Mbali na kulea?"

"Mbali na kulea, nimezika mume."

Akaagiza chai. Ni mtu mzuri, Bwana Rahim, ila ana tabia ya kuagiza chai akikosa la kusema. Tulipomaliza kunywa akanipa mwezi wa majaribio, akaniambia waziwazi kwamba hana uhakika na mimi.

Na mimi sikuwa na uhakika. Hebu fikiria unarudi nyumbani kwako, unakuta mtu amehamisha kila kitu. Meza ilipokuwa pana kitanda, kitanda kimekwenda jikoni, na kila mlango unakuuliza wewe ni nani. Siku ya kwanza nilimuuliza Elia diski za kusimika programu ziko wapi. Elia ndiye fundi wa pale, kijana amemaliza chuo juzi, mcheshi, anaongea huku anatafuna karanga. Akasema, "Diski? Mama Kulwa, diski siku hizi tunazitundika mpungani kufukuza ndege." Ofisi nzima ikacheka. Kumbe kila kitu kinashushwa kutoka mtandaoni. Kumbe neno la siri peke yake halitoshi, lazima namba itoke kwenye programu ya simu janja, na simu yangu ni kitochi cha vitufe. Nikawa kila nikitaka kufungua kitu nasubiri Elia amalize karanga aniazime simu yake. Mwanamke mzima, nasubiri karanga.

Nilikuchukia wiki ile. Narudia: nilikuchukia. Kila kitu nilichokuwa sikijui nilikihesabia kwako. Watu niliokuwa nao Shinyanga sasa wanasimamia vitengo. Mimi naulizwa na kijana wa juzi kama najua kubofya kulia.

Halafu siku ya nne au ya tano wakaniletea waya wa mtandao wa kuunga vichwa. Elia alikuwa anaangalia picha kwenye simu ili apange rangi. Mimi nikachukua waya, nikamenya, na vidole vikaanza vyenyewe: nyeupe ya chungwa, chungwa, nyeupe ya kijani, bluu, nyeupe ya bluu, kijani, nyeupe ya kahawia, kahawia. Nikabana. Nikapima, taa zikawaka zote. Elia akaacha kutafuna. Nilikwenda chooni nikalia, na haikuwa kwa ajili yako.

Kuanzia hapo nilijifunza kama mtu anayedaiwa. Elia alinifundisha, sina neno baya juu yake. Nilikuwa nafika nyumbani watoto wanataka kubebwa wote wawili, namweka mmoja kila paja, na simu ya kuazima naiegemeza kwenye sukari, nasoma. Kulwa alijua kusema "ruta" kabla hajajua kusema "samahani".

Mwezi ulipokaribia kwisha Bwana Rahim akaniita. Kuna kazi Rwamgasa, mwenye leseni ya kuchimba anaibiwa mawe ya dhahabu, anataka kamera. "Nenda ufunge mwenyewe, mwanzo mwisho. Elia atakusindikiza, lakini asishike kitu. Picha ikiwaka hapa ofisini, una kazi. Isipowaka, tumeagana vizuri." Sikumuuliza leseni ya nani. Moyo ulishajua.

Ilikuwa ni pale penu. Duara lenu wamelifukia, wamefungua jingine pembeni yake, hatua chache tu. Na msimamizi sasa ni Shija. Alifurahi kuniona, kweli alifurahi. Akaulizia watoto, akamuulizia mama, akatuwekea viti. Kamera ya kwanza nikaifunga stoo, ya pili kwenye karasha, hakuna neno. Ya mwisho ndiyo ya kwenye mdomo wa duara. Nguzo iko ndani ya kamba. Ileile manila ya bluu, sasa imepauka.

Shija akaja mbele yangu taratibu. "Shemeji, wewe unajua utaratibu. Kijana apande."

Elia naye, kwa wema tu, akasema, "Nipe, Mama Kulwa, mimi napanda, wewe nielekeze. Bosi hatajua."

Ningempa. Nakuambia ukweli, mkono ulishaanza kumpa. Bosi asingejua, na mimi ningepata kazi, na kesho yake ningekuwa fundi ambaye kuna mahali anaishia. Nikakumbuka lile jua la utosini. Nikamwambia Shija, polepole, ili wote wasikie: "Shija, ule mwezi aliokufa Baba Kulwa, kuna mwanamke aliyevuka hapa?"

"Hakuna, shemeji."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Sasa kamba ilimsaidia nini?"

Alitazama mikono yake. Mmoja nyuma akasema, "Huyo ni mjane, hata mwaka haujaisha, atatufungia riziki." Mwingine akasema kesho watachimba udongo wa kufinyangia vyungu. Mzee mmoja aliyekaa kwenye ndoo akauliza, "Kwani dhahabu itamjuaje ni mwanamke? Si amevaa ovaroli?" Wakacheka, na katika kule kucheka Shija akasogea pembeni. Hakusema pita. Alisogea tu, kama mtu anayempisha mwenye mzigo.

Nikavuka.

Wachimbaji walipandishwa wote, wakaenda kukaa mbali chini ya turubai, hakuna aliyefanya kazi tena siku ile. Mimi nikapanda ngazi, nikafunga kamera, nikavuta waya, nikaangalia chini. Ni shimo tu, Baba Kulwa. Dogo. Miaka yote nilikuwa nalifikiria kubwa kama kanisa, kumbe ni shimo ambalo mtu mnene hapiti. Na pembeni yake kifusi chenu, kimeota nyasi, na juu yake wameanika mabuti. Hiki ndicho nilichokatazwa kuona. Kwa hiki niliacha jina langu.

Simu ikalia, Bwana Rahim. Mwenye leseni alishampigia akilalamika. "Mama Kulwa, nilikutuma kufunga kamera. Sikukutuma kubadilisha mila za watu."

Nikamwambia, "Angalia kioo chako, bosi. Picha imewaka?"

Nikasikia anavuta kiti. Halafu, "Imewaka."

Kazi nimepata. Lakini usifurahi haraka, maana na mimi sikufurahi sana. Wateja wa machimboni wamesema hawamtaki yule mama, kwa hiyo Elia ndiye anakwenda nje, na mimi nimewekwa ndani, kwenye chumba cha picha. Hata hiki hakina dirisha. Kila asubuhi naangalia kamera za wateja, moja baada ya moja, nione zote ziko hai. Wiki ileile niliwaona wachimbaji wenu wanachinja kuku mweupe kusafisha pale nilipokanyaga. Picha ilikuwa safi sana, hadi manyoya yalionekana. Juzi nasikia mwamba umepungua, wanasema ni mimi. Waseme. Ulipokuwa unapungua enzi zako mlimsingizia nani?

Ipo kamera hiyo kila siku, ya mwisho kwenye orodha yangu. Wewe uliyenifokea kwa hatua kidogo tu, sasa kuangalia mdomo wa duara ndiyo kazi ninayolipwa. Kuna msichana analeta chakula, ana mimba kubwa, naona anaweka hotpoti chini na kusubiri, anashika kiuno. Simjui. Natamani kamera ingekuwa na sauti nimwambie kitu, halafu nafikiri, nimwambie nini? Hata mimi niliambiwa. Kwetu walinionya, na nikakuchagua wewe.

Niliwapeleka watoto ofisini siku moja mama alipoumwa kichwa. Doto akakaa mapajani mwangu, akaangalia zile picha, duka, zahanati, karasha, duara. Akauliza kama hiyo kamera inaweza kumwonyesha baba. Elia akaacha kutafuna. Nikamwambia Doto, hapana mwanangu, hii haioni chini. Akasema, "Basi funga nyingine." Kwa sauti yako kabisa, ile ya kuamrisha huku anabembeleza.

Ndiyo hivyo. Sijamaliza hasira, na sikuahidi kwamba nitaimaliza. Siku nyingine naamka nimekusamehe, na kufikia saa ya chai nimeghairi. Lakini watoto sitawaambia vibaya juu yako. Nitawaambia ulikuwa unachekesha, ulikuwa unapenda ugali wa muhogo, ulikuwa unaimba kwa sauti mbaya. Wakikua wakaniuliza ulikufaje, nitawaambia yote, na kamba nitaitaja.

Ninachokuahidi ni hiki. Kazi hii sitaiacha. Aje wa kuniahidi bango, aje wa kufikiriwa kutoka Kharumwa, aje ugonjwa, nitaomba ruhusa na nitarudi. Chumba kile hakitanitosha muda mrefu. Najifunza seva sasa, jioni, na Bwana Rahim ameanza kuniita kwa jina la Kabula akikwama. Mama yako nitamtunza hadi mwisho wake, hilo usiwe na wasiwasi. Na mwakani nikipata likizo nitakuja Kharumwa na watoto kukujengea kaburi lako kwa saruji, lisije nalo likakaa chini.

Mama ameamka, anauliza naandikia nani. Nimemwambia namwandikia mwanawe. Amesema nikuambie kwamba watoto wanakula vizuri.

Wanakula vizuri.

Pumzika, Baba Kulwa. Mimi kesho naingia asubuhi.

Kabula